Mfumo Uliofungwa, Nusu Wazi au wa Kuchanganya: Baiskeli Ipi ya Umeme Itatengenezeka Kisumu?

Anayetafuta baiskeli ya umeme hapa Kisumu huuliza kwanza kama itapanda kilima cha Riat. Itapanda. Mota nyingi za leo zitakufikisha juu, mradi uisaidie kwa miguu na usibebe magunia mawili ya mahindi. Swali lenye gharama huja mwaka wa pili au wa tatu, betri ikishachoka au skrini ikiingia maji: nikikosa spea ya kampuni iliyoitengeneza, naweza kuweka ya kampuni nyingine ikafanya kazi? Na fundi wa Kondele akitaka kujua tatizo liko wapi, baiskeli itamwambia, au itanyamaza mpaka apatikane mtu mwenye kompyuta ya kampuni?

Ndani ya baiskeli ya umeme kuna vitu vitano vinavyowasiliana: mota, kontrola inayoigawia umeme, betri yenye saketi yake ya ulinzi (mafundi huiita BMS), sensa za pedali na breki, na skrini iliyo kwenye usukani. Vinapelekeana habari kupitia nyaya kwa utaratibu maalumu, yaani itifaki, na kampuni nyingi zina itifaki yao. Hawa ni washindani. Anayekuuzia mota angependa akuuzie pia betri, chaja na skrini, na njia rahisi ya kukubana ni kuifanya itifaki iwe siri yake.

Kwa hiyo ninazigawa baiskeli zilizo sokoni katika makundi matatu, nikiangalia namna sehemu zake zinavyokubali wageni.

Iliyofungwa. Mota, betri, skrini na chaja vinatoka kwa kampuni moja na vinatambuana. Mfano mkubwa ni Bosch. Yamaha, ambao ndio walioanza kuuza baiskeli yenye mota ya kusaidia pedali mwaka 1993, nao wako huku, na Shimano kwa kiasi kikubwa.

Nusu wazi. Kampuni ya mota inaruhusu betri au skrini za wengine, lakini programu ya uchunguzi inabaki mikononi mwake. Bafang ya China, kwa mota zake mpya zinazotumia CAN (aina ya mtandao wa nyaya ambamo vipande vyote hupeana ujumbe), ni mfano mzuri.

Ya kuchanganya. Mota ya gurudumu kutoka huku, kontrola kutoka kule, betri kutoka kwa yeyote. Humu nahesabu seti za kubadilishia Black Mamba kuwa ya umeme zenye kontrola za KT (chapa ya China), mota za kati, yaani zinazokaa kwenye pedali, za Bafang za zamani kidogo (BBS02 na BBSHD, zinazotumia UART, njia rahisi ya zamani ya vipande viwili kupelekeana data), na mota ya kati ya Tongsheng TSDZ2.

Nitazilinganisha kwa vigezo vitano: nani anaweza kusoma data ya baiskeli, spea za kampuni nyingine, usalama wa betri, nini kinatokea kampuni ikifa au ikibadilisha mfumo, na data yako wewe mwenyewe. Bei nimeiacha nje makusudi. Inabadilika kila kontena linapoingia, na bei ya dukani haikuambii gharama ya betri ya pili.

## Nani anaweza kuisoma

Mwenye Bosch ya kizazi kipya anapata programu ya simu iitwayo eBike Flow. Inamwonyesha safari, chaji na hali ya baiskeli, na akitaka inapeleka safari zake Strava au Komoot, programu za kurekodi safari. Kwa mwendeshaji, hiyo inatosha kabisa. Kwa fundi haitoshi, kwa sababu undani wa hitilafu unasomwa na programu ya uchunguzi wanayopewa wauzaji walioidhinishwa. Shimano wamelegeza zaidi: programu yao ya E-TUBE Project mtu yeyote anaweza kuipakua, akabadilisha baadhi ya mipangilio kwa simu yake, ingawa kazi nzito zinahitaji kifaa chao cha kuunganisha baiskeli na kompyuta.

Bafang za CAN zinasomwa kwa kifaa kiitwacho BESST, nacho kinahitaji akaunti inayotolewa na kampuni. Muuzaji akiwa nacho, baiskeli yako ni kitabu wazi kwake. Asipokuwa nacho, mnabaki mkiangalia namba ya hitilafu kwenye skrini na kukisia.

Baiskeli ya kuchanganya ndiyo inayosema na yeyote. Skrini ya KT yenyewe ndiyo kompyuta ya fundi: unaingia kwenye menyu, unaweka P1 kulingana na sumaku na giya za mota, unashusha kiwango cha juu cha umeme kwa C5, unarekebisha volti ya kukatia kwa C12. BBS02 inapangwa kwa kebo ya USB ya bei ndogo na programu isiyolipiwa. Na betri yenye BMS ya Bluetooth, kwa mfano za JBD, inamwonyesha fundi volti ya kila safu ya seli kwenye simu yake. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: ikija suala la kujua ni seli ipi imekufa, betri hii ya mtaani inamweleza fundi wa kawaida mengi kuliko ile ya Ulaya inayogharimu mara kadhaa zaidi. Tatizo lake ni kwamba hakuna anayethibitisha kuwa kinachosomwa ni sahihi. Ukikosea namba moja ya P1, skrini itakuambia unakimbia kasi ambayo hata pikipiki ingeiogopa.

## Spea za kampuni nyingine

Hapa ndipo watu wengi hupotezea pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kuamini plagi. Soko limejaa plagi ndogo za kuzuia maji zenye pini tano, za kuunganishia skrini, nazo zinaingiana vizuri hata pale itifaki zinapokataana. Skrini ya aina ya S866 inaweza kuingia kwenye kontrola ya KT, ikawaka taa, kisha isisome kasi wala kubadilisha ngazi za msaada. Bafang yenyewe ina mgawanyiko huo ndani ya nyumba moja: skrini ya UART haifanyi kazi kwenye mota ya CAN, na ya CAN haifanyi kazi kwenye UART, ingawa jina la kampuni ni lile lile. Muuzaji akikuambia "hii ni ya Bafang, itaingia", mwulize ni UART au CAN. Akikosa jibu, usitoe pesa.

Kwa mfumo uliofungwa, sheria ni nyepesi kuikumbuka: kila kitu cha kampuni moja, tena cha kizazi kimoja. Bosch walipotoa mfumo wao mpya mwaka 2021, betri na skrini za mfumo uliotangulia hazikuweza kuchanganywa nao. Yaani hata Bosch na Bosch hawaelewani. Shimano, kuanzia mota ya EP8 ya mwaka 2020, waliruhusu betri za watengenezaji wengine waliowakubali wao. Huo ni uwazi, ila ni uwazi unaopita kiwandani. Mwenye baiskeli hawezi kuamka asubuhi akachagua betri anayoitaka.

Ningekuwa nadanganya nikisema washindani hawa hawashirikiani kamwe. Mfumo wa eShift wa Bosch, unaobadilisha giya kwa umeme, umefanya kazi na giya za Rohloff, za enviolo, na hata za Shimano, ambao ni mshindani wao kwenye mota. Wanabadilishana data pale ambapo kila mmoja anauza kitu. Kwenye betri, ambayo ndiyo kipande kinachochakaa na kununuliwa tena, mlango ni mwembamba zaidi. Ukitaka kujua kampuni inapata faida wapi, angalia ni wapi imekataa kushirikiana.

Bafang za CAN nyingi hukubali umeme wa betri ya mtengenezaji mwingine, mradi volti ziwe sahihi. Unachopoteza ni mawasiliano: asilimia ya chaji inakadiriwa kutokana na volti, na ukipanda mlima utaiona ikishuka ghafla kisha ikirudi ukifika tambarare. Kero hiyo inavumilika.

Kwa baiskeli ya kuchanganya, uhuru ni mkubwa kuliko kote. Mota ya gurudumu ina nyaya tatu nene za umeme, kwa kawaida njano, kijani na buluu, na nyaya nyembamba za sensa zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Kontrola yoyote ya aina hiyo, yenye volti sawa na isiyozidi uwezo wa mota, itaizungusha. Rangi zisipolingana, fundi anabadilisha mpangilio mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Kazi hii inafanyika Kibuye kwa mita ya umeme na chuma cha kulehemu, bila kuomba ruhusa kwa mtu aliye Ujerumani au Suzhou.

## Usalama wa betri

Baada ya uhuru huo, haki inataka nizungumzie moto. Na hapa mfumo uliofungwa una hoja nzito.

Betri ya volti 36 ina safu kumi za seli na ikijaa hufika volti 42. Ya volti 48 ina safu 13 na ikijaa hufika volti 54.6. Chaja za betri hizi mbili mara nyingi zina plagi ya duara ya aina moja. Mtu akikopa chaja ya jirani na kuichomeka kwenye betri ndogo, kitu pekee kilichosimama kati yake na moto ni BMS, na BMS ya bei rahisi si kitu cha kuwekea rehani nyumba yako. Kwenye mfumo uliofungwa, ajali hiyo ni ngumu kutokea kwa sababu plagi ni ya kampuni yenyewe na betri inakaguliwa pamoja na chaja na mota yake. Jiji la New York, baada ya mioto mingi ya betri za baiskeli, lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Septemba 2023 inayotaka baiskeli za umeme zinazouzwa humo ziwe zimepimwa kwa kiwango cha usalama cha Marekani kiitwacho UL 2849. Kiwango hicho kinapima mfumo mzima wa umeme kwa pamoja. Seti ya kuchanganya, iliyounganishwa na fundi wako, haiwezi kuwa na cheti cha namna hiyo.

Dawa ya kati na kati imekuwepo kwa miaka. Kuna chama cha EnergyBus kilichotengeneza itifaki ya pamoja juu ya CAN, iliyosajiliwa kwa jina la CiA 454, ambamo chaja hubisha hodi kwanza: inajitambulisha kwa betri, inaambiwa volti zinazohitajika, ndipo umeme upite. Ingekuwa imeenea, tungeweza kushiriki chaja moja kutoka Dunga hadi Mamboleo bila wasiwasi. Haikuenea, kwa sababu makampuni makubwa yalishika njia zao.

Bafang na wenzao wa nusu wazi wako katikati. Betri iliyokuja na baiskeli kutoka kiwandani kwa kawaida imelinganishwa vizuri na mota. Ukibadilisha, hatari inakuwa sawa na ya kuchanganya, na wajibu ni wako na fundi wako.

Ukichagua njia ya kuchanganya, andika volti kwa rangi juu ya betri na juu ya chaja, na ubadilishe plagi ya moja ili zisiweze kuingiana. Ni kazi ndogo sana. Usichaji usiku kando ya mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea.

## Kampuni ikifa, au ikigeuza mfumo

Julai 2023 kampuni ya VanMoof ya Uholanzi ilitangazwa kufilisika. Baiskeli zake zilitegemea programu ya simu na funguo za kidijitali zilizokaa kwenye seva za kampuni, na wenye baiskeli wakaanza kuogopa kwamba seva zikizimwa hawataweza kuzitumia ipasavyo. Waliookoa jahazi ni washindani wao, Cowboy wa Ubelgiji, waliotoa programu ya kumsaidia mtu kuchukua ufunguo wake mapema na kuuhifadhi. VanMoof ilinunuliwa mwezi uliofuata, lakini wazo lilikuwa limeshaingia vichwani: unaweza kuwa na chuma mkononi na usiwe na baiskeli.

Sidhani Bosch au Shimano watakufa hivi karibuni. Kwao hatari ni ile ya vizazi: mfumo mpya ukitoka, spea za ule wa zamani zinaanza kuwa adimu, na kwa sisi tulio mbali na maghala yao uadimu unatufikia mapema. Bafang walipohama kutoka UART kwenda CAN, waliozoea kujipangia mota kwa kebo ya USB walijikuta nje ya mlango wa mota mpya. Za kuchanganya ndizo zisizo na mwenyewe wa kufa. TSDZ2 na hata kontrola za KT zina programu huria zilizoandikwa na wapenzi wa baiskeli, na zitaendelea kufanya kazi viwanda vikifungwa. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba asiye na mwenyewe hana wa kumshtaki: dhamana ni ahadi ya muuzaji tu.

Sheria za Ulaya zinaanza kusukuma mambo. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, ina kifungu kitakachoanza kutumika Februari 2027, kinachotaka betri za vyombo vyepesi kama baiskeli ziweze kutolewa na fundi huru, na kinachokataza programu kutumiwa kuzuia betri nyingine inayolingana. Sheria ya data ya huko, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inampa mtumiaji haki ya kupata data inayozalishwa na kifaa chake. Hizi si sheria za Kenya. Hata hivyo, kiwanda hakipendi kutengeneza mota mbili, moja ya Munich na nyingine ya Ahero, kwa hiyo sehemu ya uwazi huo huenda ikatufikia ndani ya kontena.

## Data yako

Kwa ufupi: iliyofungwa inakusanya zaidi, ya kuchanganya haikusanyi karibu chochote, na nusu wazi inategemea kama umeiunganisha na programu ya simu. Ukusanyaji una faida. Bosch, kwa mfano, wanaweza kuifunga betri kidijitali ikae bila faida kwa mwizi. Betri ya kuchanganya ikiibiwa leo Nyalenda, kesho inasukuma baiskeli nyingine. Tena BMS nyingi za Bluetooth hazidai nenosiri, hivyo aliye karibu anaweza kuzifungua kwa simu yake.

Wanaoendesha baiskeli za kampuni za deliveri, ambapo mahali ulipo na kasi yako vinarekodiwa, wakumbuke kwamba Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuona data inayokuhusu na kuihamisha kwenda kwingine. Haki hiyo haiondoki kwa sababu baiskeli ni ya mwajiri.

## Uende na ipi?

Kama unaishi kwa kubeba mizigo au chakula mjini, na siku bila baiskeli ni siku bila pesa, ya kuchanganya ina mvuto mkubwa: mota ya gurudumu, kontrola ya KT, na kontrola ya pili ndani ya droo nyumbani. Sharti ni moja. Betri usiitafutie urahisi. Nunua kwa mtu anayekuonyesha seli na BMS kwenye simu kabla ya kulipa.

Kama unatoka Milimani kwenda ofisini, Jumapili unapanda hadi Maseno, na uko Nairobi mara kwa mara, iliyofungwa itakupa utulivu ambao nyingine hazina. Usinunue kabla muuzaji hajawasha mbele yako programu yake ya uchunguzi na kuiunganisha na baiskeli. Picha ya cheti ukutani haisomi hitilafu.

Kama wewe ni chama, shirika au kituo cha afya kinachonunua baiskeli 10 au 20 za wahudumu wa afya ya jamii, ningeanza kuangalia nusu wazi. Kwa idadi hiyo una nguvu ya kudai. Andikeni kwenye mkataba, kabla ya malipo: muuzaji atawaachia kifaa cha kusomea na akaunti yake, ataorodhesha namba zote za hitilafu, atataja volti, itifaki na aina ya plagi ya kila kipande, nenosiri la BMS litakuwa lenu, na data ya safari itatolewa katika faili mnayoweza kuifungua wenyewe. Muuzaji akikataa mawili kati ya hayo, basi anawauzia mfumo uliofungwa kwa jina lingine, na mlinganishe bei yake na Bosch.

Fundi anayetaka kuingia kwenye kazi hii aanze na za kuchanganya, ndiko kuna kazi ya kila wiki, kisha anunue kebo ya BBS02. Vifaa vya kampuni vije baadaye, wateja wakishajitokeza.

Wa mwisho ni mnunuzi wa mtumba kutoka Ulaya au Japani. Angalia kizazi cha mfumo kabla ya kuangalia rangi, hakikisha chaja ya asili ipo, na mwombe muuzaji aiondoe baiskeli na betri kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza ukiwa umesimama hapo hapo. Akisema atafanya hivyo jioni, lipa jioni.